Sufi Alivyovua Koti

Shemeji yangu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyekuwa akirudi nyumbani na koti zito mwilini huku jua likiwa utosini na kila mtu barabarani akijipepea kwa chochote alicho nacho mkononi. Watoto wa mtaani kwetu walimcheka mpaka wakachoka. Wageni walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi nikiwa mlangoni, kana kwamba mimi ndiye niliyemvika. Na kusema kweli ndimi. Koti lile nililishona kwa mikono yangu, na kila lilipochakaa nilimshonea jingine.

Kazini na mtaani anaitwa Jokofu. Jina limemganda kiasi kwamba hata dada yangu, ambaye ni mkewe, humwita hivyo akikasirika. Akifurahi humwita baba watoto, ingawa watoto wenyewe wameshakua na kwenda kujitegemea. Mimi namwita shemeji, na ushemeji una ruhusa yake ya utani. Ruhusa hiyo sijawahi kuiacha ipate usingizi. Naishi nao tangu nilipoachika, cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha, na kila kinachotokea katika nyumba ile hunipita machoni kwanza ndipo kimfikie mwingine.

Jokofu alikuwa mtunzaji wa ghala la baridi. Ghala lile lina vyumba viwili vikubwa. Kimoja ni cha viazi na matunda, na baridi yake ni ya kukufanya usugue mikono na kutafuta mfuko wa kuitia. Kingine ni cha kugandishia nyama na samaki, na humo ukipumua pumzi inatoka moshi, nyusi zinaota chembe nyeupe, na ukikaa sana masikio unayasahau kwamba ni yako. Kati ya vyumba hivyo na mlango wa nje kuna chumba kidogo chenye benchi, birika na misumari ya kutundikia makoti. Wanakiita chumba cha kati. Hakuna anayetoka kwenye baridi kwenda juani moja kwa moja. Unakaa kwenye benchi, unafungua kifungo kimoja, unakunywa chai, unapiga soga, unafungua kingine, unasubiri mwili ukubali. Mgeni wa kazi akipita pale mbio kwa kujifanya jasiri, wenzake humwacha tu. Kichwa kitamgonga huko nje, na kesho atakaa kwenye benchi bila kuambiwa.

Mimi nawashonea makoti wote wa ghala lile, ndiyo maana nayajua haya. Watu hudhani koti ndilo lina joto. Koti halina joto hata chembe. Joto ni lako wewe uliyelivaa, limetoka kwenye chakula chako na damu yako, na koti kazi yake ni kulizuia lisitoroke. Pamba niijazayo ndani ni ya kushika hewa tu. Ukiishindilia mpaka ikawa ngumu, umemharibia mtu koti, atatetemeka mpaka akulaani. Hili nalijua kwa sababu nimewahi kulaaniwa, na aliyenilaani alikuwa na haki.

Sasa nimlete Sufi. Sufi ni paka. Alizaliwa kwenye chumba cha viazi, na mama yake pia alizaliwa humo humo, kazi yao ikiwa panya. Panya wa ghala la baridi si hawa wetu wa jikoni. Wana manyoya mazito na wamenenepa kama wenye nyumba. Naye Sufi hakuwa paka wa kawaida. Manyoya yake yalikuwa yamejaa mpaka shingo haionekani, mkia mnene, na chini ya manyoya marefu kulikuwa na mengine mafupi, laini, yaliyosongamana. Ndiyo maana wakamwita Sufi, maana ukimbonyeza kidole kinazama kama kwenye mto mpya.

Siku moja wenzake Jokofu walikwenda kula mchana, yeye akaingia chumba cha kugandishia kusogeza boksi moja lililokaa vibaya. Hivyo ndivyo alivyo, hawezi kwenda kula wakati kuna kitu kimekaa vibaya. Mlango ukajifunga nyuma yake, na mpini wa ndani ukagoma. Kengele nayo ikawa haisikiki na mtu, kwa kuwa waliopaswa kuisikia walikuwa mkahawani wanagombania kiti cha kivulini. Sufi alikuwa amemfuata kwa nyuma bila ruhusa.

Alitusimulia jioni ile, na amesimulia mara nyingi tangu hapo, na kila mara anaanza na vidole. Vidole vilianza kuwa vyeupe, kisha vikafa ganzi, maana damu ilikuwa inahama kutoka pembezoni kwenda kulinda moyo na tumbo. Kisha mwili ukaanza kutetemeka wenyewe, meno yakigongana, kila msuli ukichapa kazi bila mzigo wowote, ili mradi joto lipatikane. Alitembea huku na huku. Alipiga mlango mateke. Halafu kutetemeka kukapungua, akaanza kusikia usingizi mtamu, na hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu kila mtu wa kazi ile anafundishwa kuuogopa usingizi huo.

Sufi ndiye aliyemkatalia kulala. Alimpanda mapajani, akamparura kidevu, akamparura tena, kisha akaingiza kichwa katikati ya vifungo vya koti na kujisukuma mpaka ndani, akajikunja juu ya tumbo la Jokofu. Anasema ilikuwa kama mtu amemwekea birika la chai tumboni. Waliporudi wenzake na kufungua mlango walimkuta ameketi juu ya boksi, amekumbatia tumbo lake na kulisemesha. Walidhani amerukwa na akili. Kisha tumbo likalia nyau.

Tangu siku hiyo Jokofu akawa hasemi "yule paka". Akawa anasema "yule mama".

Mambo yaliharibika alipokuja mkaguzi wa afya. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa na sheria tu, na sheria ilisema mnyama hawezi kuishi mahali panapohifadhiwa chakula cha watu. Tajiri mwenye ghala alikubali kila kitu akiwa ametabasamu, kisha akawaambia watu wake paka aondoke leo leo. Wenzake Jokofu walipendekeza aachwe sokoni. Jokofu alimtia Sufi kwenye boksi la matunda, akalifunika na leso, akatoka naye juani, akatembea naye mpaka nyumbani.

Nilikuwepo alipofungua boksi sebuleni. Ilikuwa miezi ya jua kali, bati linalia juu ya vichwa vyetu, na mimi mwenyewe nilikuwa nashona kwa mkono huku nimeloweka miguu kwenye beseni. Sufi akatoka, akazunguka mara moja, akalala chini amenyoosha miguu yote minne, mdomo wazi, akihema kama mbwa aliyetoka kukimbia. Mimi nilikuwa sijawahi kuona paka akihema. Dada yangu alikuwa ameketi mbele ya feni. Alimtazama paka, akamtazama mumewe, akasema nyumba hii tayari ina Jokofu mmoja.

Hapa inabidi niseme habari za feni, dada anisamehe, na asiponisamehe basi. Dada amefika umri ule ambao mwili wa mwanamke unawaka bila kuni. Anaweza kuwa ameketi kimya anachambua mboga, ghafla uso unaiva, jasho linamtiririka kutoka kwenye nywele hadi mgongoni, anatupa mtandio upande mmoja na ungo upande mwingine. Baada ya muda mfupi anasikia baridi na kuutafuta mtandio. Kwa hiyo feni ilikuwa yake. Mumewe naye alirudi kutoka kazini na baridi ya siku nzima mifupani, akaomba feni izimwe. Usiku yeye alijifunika blanketi upande wa ukutani, dada akalala upande wa dirisha bila hata shuka. Ndoa yao ilikuwa na majira mawili kitanda kimoja. Akimgusa kwa mkono, dada aliruka, maana mkono wa Jokofu ulikuwa wa baridi hata akiwa amelala. Mara nyingi alimwambia kwa utani kwamba ameolewa na samaki wa dukani. Lakini utani ukirudiwa sana unaacha kuwa utani, na mimi nilikuwa nimeanza kuona hivyo.

Basi Sufi akaingia katikati ya vita hivyo, hajui chochote. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili alilamba maji tu na kujilamba mwenyewe mwili mzima, miguu, tumbo, mgongo, mpaka manyoya yakalowa. Dada akanikumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamwambia huyu hata jembe lenyewe hawezi kulitazama.

Jokofu hakuwa na la kufanya ila lile analolijua. Mtu wa ghala la baridi, akiona kitu kinaharibika, anakipeleka kwenye barafu. Akaanza kuja na mifuko ya barafu kutoka kazini, akaipanga kwenye beseni langu la kulowekea miguu bila kuniomba, akatandika gunia juu yake na kumlaza Sufi. Na kwa kweli Sufi alipona palepale. Alifumba macho, akafunga mdomo, akakunja miguu. Jokofu akanitazama kwa majivuno ya daktari aliyefungua zahanati. Lakini barafu haina uaminifu. Ikayeyuka, maji yakatapakaa sakafuni, na Sufi akaanza kuhema upya, vibaya kuliko mwanzo. Kesho yake barafu tena, na kesho kutwa. Mtu wa kuipanga alikuwa kazini mchana kutwa, na mchana ndio wakati jua lina hasira. Paka akazidi kukonda chini ya manyoya yale yale mazito. Ukimshika unazamisha kidole kwenye sufi, kisha unakutana na mfupa.

Jioni moja nilimkuta shemeji amechuchumaa kando ya beseni, koti lake mwilini, mkono wake uko juu ya kichwa cha paka. Nilitaka kumtania. Nikaona uso wake, nikameza utani wangu.

"Alinipa joto lake, shemeji," akasema. "Mimi hata baridi nashindwa kumpa. Anafia mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyemtoa kwao."

Nilimwambia wema hauozi. Akanijibu kwamba vitu vyote visivyooza anavifahamu, vinatunzwa vizuri. Hakuwa anacheka.

Aliyeokoa jahazi ni dada yangu, yaani yule yule aliyekuwa hataki kumsikia paka. Ilikuwa mchana, Jokofu yuko kazini, mimi nakunja upindo wa suruali. Dada alikuwa anapita kwenda jikoni, joto lake likamshika katikati ya sebule. Akasimama, akashika ukuta, uso umeiva, jasho linamdondoka kidevuni, anahema. Pale chini Sufi naye alikuwa anahema. Wakatazamana. Sijui nini kilipita kati yao, lakini dada aliketi sakafuni pale pale, akavuta feni kwa waya mpaka ikawaelekea wote wawili.

"Huyu haumwi," akaniambia. "Huyu anawaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki mimi nakilalia kila siku. Lete maji."

Nikaleta maji ya kawaida. Akajimwagia kifuani, kisha akalowesha mikono na kumpangusa Sufi masikio, nyayo na tumbo, na feni ikiwapuliza. Baada ya muda wote wawili wakatulia. Jioni Jokofu aliporudi na mfuko wake wa barafu, alimkuta mkewe ameketi chini, paka amelala kando ya goti lake. Dada akamwambia aweke barafu yake kwenye juisi, kesho wanakwenda kwa daktari wa mifugo.

Tulikwenda wote watatu, maana mimi sikubali kusimuliwa. Daktari wa mifugo ni mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, na chumba chake kina meza ya bati, mizani na harufu ya dawa ya kusafishia. Alimpima Sufi joto kwa kipimajoto, Sufi akatoa sauti ya kutukana. Joto lilikuwa limepanda kidogo tu kuliko linavyopaswa. Jokofu akashangaa. Alikuwa anaamini paka wa baridi ana damu ya baridi, na kwamba nyumbani kwetu amepashwa moto mpaka ndani. Daktari akamwambia hapana, kule ghalani joto la ndani la paka huyu lilikuwa lile lile la paka anayelala juu ya bati la mtu. Paka, mbwa, kuku, ng'ombe, sisi, sote tuna joto letu la ndani tunalolilinda kwa nguvu zote, kunyeshe kuwake. Kinachobadilika ni kazi ya kulilinda.

Akatuonyesha. Kule kwenye baridi, alisema, kila unywele wa Sufi una kimsuli chake kidogo kinachousimamisha, na kati ya nywele zilizosimama hewa inanaswa. Nikasema kama pamba ya koti. Akasema hasa. Akasema hata sisi tukisikia baridi vinyweleo vinasimama, ila yetu ni mazoea tu, nywele zenyewe tulishaziacha njiani. Kwenye joto mambo yanageuka. Damu inasogea karibu na ngozi, kwenye masikio na nyayo, ili itoe joto nje. Sisi tunatoka jasho mwili mzima, jasho likikauka linaondoka na joto. Paka jasho lake liko kwenye nyayo tu, kwa hiyo anajilamba, mate yakikauka yafanye kazi ya jasho. Akishindwa kabisa ndipo anahema. Kwa hiyo feni peke yake haimsaidii sana, mpaka alowe kwanza. Hapo dada alinitazama kwa jicho la ushindi, na nikajua wimbo huo nitausikia mwaka mzima.

"Kwa hiyo barafu ni nzuri," akasema Jokofu, akitafuta pa kushika.

Daktari akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba manyoya mazito yale mwili wa Sufi uliyaotesha kwa sababu ya baridi na giza, na ni mwili huo huo utakaoyaangusha, ukipata habari kwamba baridi imekwisha.

"Wewe kila jioni unamlaza kwenye barafu," akasema. "Unaiambia ngozi yake kwamba bado yuko kazini. Atavuaje koti?"

Jokofu alikuwa amesimama karibu na meza, mkono mmoja juu ya paka, na nilimwona anawaza kwa shida, maana akiwaza hutafuna shavu la ndani. Kisha akasema polepole, si kwa daktari, wala si kwetu.

"Sikumpitisha chumba cha kati."

Daktari hakuelewa, ikabidi tumweleze habari za benchi na birika na vifungo. Alicheka mpaka akashika mizani, akasema hajawahi kusikia maelezo mazuri kama hayo, na kwamba tukamtengenezee Sufi chumba chake cha kati nyumbani. Kivuli, hewa, maji ya kawaida ya kumpangusa nyayo na masikio, nafasi dirishani apate mwanga wa mchana, na kuchanwa kila siku. Barafu marufuku. Tukiwa mlangoni akamtazama Jokofu aliyevaa koti lake vifungo vyote, jasho halijamtoka hata tone katika joto lile.

"Na wewe unavua lini?" akamuuliza.

Jokofu akacheka. Lakini njiani alikuwa anatafuna shavu.

Chumba cha kati kilikuwa kona yangu ya cherehani, bila shaka. Nani mwingine ana dirisha? Meza yangu ya kukatia ikasogezwa, gunia likatandikwa, na mimi nikabaki nashona nikiwa nimebanwa na paka upande mmoja na ukuta upande mwingine. Nilinung'unika, maana nisiponung'unika watu hudhani naumwa. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Sufi alihema mchana, dada akampangusa, akajipangusa na yeye, wakakaa mbele ya feni wote wawili, macho yamefumbwa. Jokofu alikuwa anarudi kutoka kazini na kuja moja kwa moja kupitisha vidole mgongoni mwa paka, kisha anavitazama. Hakuna kitu. Zilikuwa siku za wasiwasi. Alikuwa hali vizuri yeye wala paka, na dada akaanza kuwapikia supu moja wote wawili, ya paka haina chumvi.

Kisha asubuhi moja nilimpitishia Sufi chanuo, likatoka limejaa. Nikalisafisha, nikapitisha tena, likajaa tena. Nikaita. Dada akaja na ufagio, Jokofu akaja na buti moja mguuni. Nilichana, manyoya yakatoka mafungu mafungu, ya kijivu, laini, yakaruka mpaka kwenye suruali za wateja, yakaingia kwenye chai. Jokofu akaokota fungu moja, akalishika kwenye kiganja kama mtu aliyepewa kitu cha thamani asijue pa kukiweka. Alichelewa kazini siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Tulichana siku nyingi. Chini ya lile koti alitoka paka mwembamba, mwenye shingo, mwenye masikio makubwa ambayo hatukujua kwamba anayo. Akaanza kula, kisha kuiba, na alipoiba samaki wa dada kutoka kwenye sufuria, dada alisema alhamdulillahi. Manyoya sikuyatupa. Niliyafua, nikayaanika, nikashonea mto mdogo. Ni mto wa kwanza katika maisha yangu ambao mwenye sufi yake aliulalia mwenyewe, akaukanda kwa makucha na kuutoboa.

Huko ghalani, paka alipoondoka panya walitawala, kama wahenga walivyosema. Maboksi yalitafunwa, viazi vikatobolewa. Tajiri akaja nyumbani mwenyewe, ameshika kopo la samaki, anatabasamu. Alisema mkaguzi harudi mpaka mwakani, na kwamba yule paka wetu mnene anahitajika kazini. Sufi alikuwa juu ya meza yangu amenyooka juani. Tajiri akamtazama, akauliza yule paka yuko wapi. Tukamwonyesha. Akasema siye, yule alikuwa na manyoya.

"Ndiye," akasema Jokofu. "Koti ameshavua, tajiri. Ukimrudisha leo atakufa kwa baridi. Siwezi kumvisha tena."

Tajiri akakuna kichwa. Akasema atatafuta mitego. Alikuwa anageuka aende, kopo la samaki bado mkononi, ndipo Jokofu alipomwambia kwamba kuna jambo jingine, na kwamba amekuwa akiliwaza tangu siku ya daktari. Aliomba atolewe vyumbani. Kwenye jukwaa la kupokelea mizigo, pale nje malori yanaposhusha, wanahitaji mtu mzima anayejua kupanga. Alisema amelivaa koti hilo tangu watoto wake hawajaota meno, na vidole vyake sasa havirudi hata akikaa kwenye benchi mpaka chai ikwishe. Dada alikuwa mlangoni mwa jikoni. Sikumwona akipumua mpaka tajiri alipokubali. Na kopo la samaki likabaki.

Wiki ile ya kwanza ya jukwaani Jokofu alirudi nyumbani amelowa shati zima, jasho linamtoka mpaka kwenye nyusi, akasimama sebuleni akatuonyesha mgongo kama mtoto anayeonyesha jino jipya. Alikuwa amesahau kwamba anaweza kutoka jasho. Alimnyooshea Sufi mikono. Sufi, ambaye siku za barafu alikuwa akimkimbilia kwa sababu koti lake lilikuja na ubaridi wa ghalani, alimnusa, akakunja pua, akaenda kulala kwenye sakafu ya bafuni. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha mvua zikaja, na baridi yake ile ndogo ya kwetu ambayo mtu wa ghala la baridi hawezi kuiita baridi. Alasiri moja umeme ulikatika, mvua inapiga bati. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa miguu, dada amejikunja kwenye kiti, amejifunga mtandio, safari hii anasikia baridi tu kama watu wengine. Jokofu alikuwa ameketi kwenye mkeka, shati jepesi, anasikiliza mvua. Sufi akatoka dirishani, akamwendea, akampanda mapajani. Akamparura kidevu. Akamparura tena. Jokofu akafungua kifungo kimoja, kisha cha pili, polepole, na paka akaingiza kichwa, akajisukuma ndani ya shati, akajikunja juu ya tumbo lake.

Jokofu hakusogea. Machozi yalimshuka waziwazi, wala hakuyafuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika Sufi. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa anatoa.

Dada alitazama kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake miaka mingi:

"Na mimi zamu yangu lini, baba watoto?"

Jokofu akainua mkono mmoja. Dada akashuka kwenye kiti, akaketi kando yake kwenye mkeka, akajifunika mkono ule mabegani. Niliona anaruka kidogo kwa mazoea alipoguswa. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza, akaupeleka shavuni.

"Una joto," akasema.

Mimi niliacha upindo wangu nusu, nikaenda jikoni kuweka chai. Mdomo ninao, lakini hata mimi nina adabu zangu.